Jedwali Nililolinyoosha

Vijana wa chumba cha kompyuta mmeniomba niandike mambo ya kazini kabla sijaanza kuyasahau. Nadhani mlichotaka hasa ni maneno ya siri na namna ya kuibembeleza ile printa ya ghorofani. Hayo nimemwachia mkuu wenu kwenye bahasha. Hapa naandika yale ambayo hayakuenea kwenye bahasha, na zaidi kosa moja ambalo kila mlipolisikia mlilisikia nusu. Aya hii nimeiandika mara tano. Nimestaafu, nina wajukuu wawili, na bado nikifunga mlango wa nyumba yangu narudi kushika kitasa. Ndivyo nilivyoingia kazini na ndivyo nilivyotoka.

Niliajiriwa katika miaka ya shida, wakati sabuni ilikuwa ya kupanga foleni na karatasi nyeupe ilikuwa kitu cha kufungiwa kabatini. Baba yangu alikuja Tanga kutoka Kigoma kukata mkonge. Nilizaliwa kambini upande wa Pongwe, nikasoma mpaka kidato cha nne. Kazi niliyoipata ilikuwa ukarani msaidizi wa kumbukumbu katika shamba la ng'ombe wa maziwa, wakati huo likiwa mali ya umma. Siku ya kwanza nilikwenda na gauni nililolipiga pasi mara mbili, na nilifika kabla ya mlinzi kufungua geti.

Mkuu wangu alikuwa Bi Raya, mwanamke wa Kipemba aliyehamia Tanga na mumewe, wakakaa Makorora. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua macho, akanipa kalamu na kipande cha boksi la dawa ya kupe. Kadi za ng'ombe tulikuwa tukizikata kwenye maboksi ya dawa, maana karatasi hakuna. Akanitaka niandike tarakimu, sifuri mpaka tisa, mistari kumi. Nilipomaliza aliziangalia kwa muda mrefu, kisha akasema saba yangu inafanana na moja, na kwa saba ya namna hiyo ipo siku nitamwoza mtamba kwa baba yake.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu: kujua nani kazaliwa na nani. Kila ng'ombe alikuwa na kadi yenye namba ya sikioni, jina, mama, bibi, dume aliyemzaa, na maziwa aliyotoa. Majina aliyatoa Bi Raya mwenyewe, na alikuwa na upendeleo wa wazi. Asubuhi tulikwenda zizini kuhakiki namba, na hapo akanifundisha utaratibu wake. Mmoja anasoma namba kuanzia mwanzo, mwingine anairudia kuanzia mwisho. Alisema mtu anayeirudia namba kwa mpangilio uleule alioisikia hasikilizi, anaitikia tu, kama sisi Wakatoliki kwenye kwaya. Nilikuwa mwanakwaya.

Utaratibu wake wa pili ulikuwa kwamba kosa kwenye kadi halifutwi. Linapigwa mstari mmoja ili lililoandikwa mwanzo libaki likisomeka, na sahihi inaandikwa juu yake. Huu ulinisumbua roho. Kadi yenye mstari niliiona kama gauni lenye doa. Mara kadhaa niliichukua kadi ya namna hiyo nyumbani kwa siri, nikainakili kwenye boksi safi, na ile yenye doa nikaitia kwenye jiko la mkaa. Sijawahi kumwambia mtu. Bi Raya nadhani alijua, kwa sababu siku moja aliniuliza kama nyumbani kwetu tunapikia dawa ya kupe.

Kisha mambo yakafunguliwa. Maduka yakajaa, mitumba ikashuka bandarini kwa marobota, na mashirika ya umma yakaanza kuitwa mzigo hata na wale waliokuwa wakila kwayo. Mradi mmoja wa wafadhili ukatuletea kompyuta. Ilikuja na mtaalamu kijana aliyekaa miezi michache, akaigawa diski yake sehemu tatu. Ya kwanza aliipa mfumo wa DOS, kwa ajili ya barua za meneja. Ya pili aliipa mfumo mwingine, Linux, na humo ndimo alimojenga programu ya kumbukumbu za ng'ombe. Ya tatu ilikuwa ndogo, ya mashine kupumulia kumbukumbu yake ikijaa. Mradi ulipokwisha aliondoka, akaniachia kitabu kilichotolewa fotokopi na kushonwa kwa uzi wa mkonge, na akaniambia nisiogope. Niliogopa miaka mitatu mfululizo.

Nilijifunza peke yangu, kwa kamusi, neno moja baada ya jingine, wakati wa chakula cha mchana. Nawaambia nilivyoielewa, kwa sababu nyinyi mmekuta kila kitu kinajifanya chenyewe. Kwenye kipande cha kwanza kabisa cha diski hukaa vitu viwili vilivyobanana. Kimoja ni jedwali fupi, lenye nafasi ya mistari minne tu, linalosema kila sehemu ya diski inaanzia wapi na kuishia wapi. Kingine ni kianzishi, programu ndogo mno ambayo mashine huiita ikiwashwa, nayo kazi yake ni kukitafuta kiini cha mfumo, yaani programu inayoiendesha mashine nzima, na kukiamsha. Kianzishi chetu kilikuwa kikiandika jina lake kwenye kioo, herufi nne, moja kila hatua inapofanikiwa. Ikitoka moja ikakwama, unajua umekwama wapi. Niliipenda sana tabia hiyo. Ni watu wachache wanaokuambia wamefika wapi kabla ya kuanguka.

Nilichochelewa kukielewa ni kwamba vitu hivi havizungumzi vyenyewe kwa vyenyewe. Kianzishi chetu hakilisomi jedwali kikitafuta kiini. Kimekariri vipande vya diski ambamo kiini kimelala, kwa namba, na kinakwenda moja kwa moja. Kiini nacho kikishaamka hulisoma jedwali mara moja, kinaliweka kichwani, na tangu hapo kinafuata kilichomo kichwani. Nacho chombo cha kugawia diski, programu nyingine tena, kinaandika jedwali kwenye diski na kuondoka zake. Ukilibadilisha jedwali huku kiini kinafanya kazi, diski itasema hili na kiini kitaamini lile, na kazi itaendelea vizuri kabisa, mpaka siku utakapozima.

Kuziingiza kadi zote kwenye mashine kulituchukua mimi na Bi Raya karibu miaka miwili, mmoja akisoma, mwingine akirudia kutoka mwisho. Kadi zenyewe tukazipanga stoo. Mvua za masika zikavuja kwenye paa, mchwa wakapanda, na tulipofungua makabati tulikuta udongo uliosimama kwa umbo la kadi. Tangu siku hiyo ukoo wa ng'ombe wale ulibaki mahali pamoja tu, kwenye sehemu ya pili ya diski ile.

Shamba likawekwa kwenye orodha ya mali za kuuzwa. Ardhi ilikuwa na mteja. Ng'ombe wakaamuliwa hivi: wale wenye ukoo unaojulikana wangegawiwa vikundi vya wafugaji wadogo, kuanzia Pongwe mpaka Pangani, kila kaya mtamba mmoja, na kaya ingerudisha jike wa kwanza atakayezaliwa ili apewe jirani. Wasio na kumbukumbu wangepimwa kwa kilo na kupewa wafanyabiashara wa nyama. Meneja wetu, Bwana Mhando, alitakiwa kupeleka orodha iliyochapwa siku ya Ijumaa. Bila orodha, wote walikuwa kilo.

Jumatatu ya wiki hiyo nilikuwa naandaa hati ya makabidhiano. Nikataka iwe nzuri, yenye kila kitu, mpaka jedwali la diski. Nikafungua chombo cha kugawia diski ili ninakili namba. Kikanionyesha mistari mitatu, na chini ya mstari wa pili kikaandika onyo kwamba sehemu ile haiishii kwenye mpaka kamili. Yule mtaalamu alikuwa ameigawa diski kwa kipimo kimoja, na chombo sasa kiliisoma kwa kipimo kingine. Halikuwa tatizo lolote. Mashine ilikuwa imefanya kazi hivyo tangu siku ya kwanza. Lakini onyo lile lilikuwa doa, nami nilikuwa naandika hati.

Nikalinyoosha. Mwanzo wa sehemu ya pili nikausogeza mbele kidogo mpaka kwenye namba nzima, mwisho nikaurudisha nyuma kidogo. Onyo likatoweka. Nikaamuru jedwali liandikwe. Chombo kikaniambia kimeandika, lakini kiini kimekataa kulisoma upya kwa sababu diski inatumika, na kwamba inafaa niwashe mashine upya. Nikajaribu programu ya ng'ombe, ikafunguka. Nikasema mashine nitaiwasha upya nikipata nafasi. Namba za zamani nilikuwa nimeziandika kwenye daftari kwanza, nalikiri hilo, lakini mbaya-mbaya, zenye vichwa na mikia. Nikanakili zile mpya ukurasa mwingine, kwa rula, na ule wa zamani nikauchana. Jioni nikauwashia jiko.

Siku tatu kila kitu kilikwenda sawa. Mgao wa umeme ulikuwa umetulia upande wetu, na mashine hatukuwa tukiizima. Alhamisi asubuhi tukaambiwa mgao unarudi, saa sita mchana mpaka usiku. Betri yetu ya akiba ilikuwa imekufa zamani. Bi Raya aliniambia nijiandae kuizima mashine kwa utaratibu ifikapo saa sita kasorobo, tuchape orodha kesho yake mapema.

Saa nne nikakifungua kile kitabu kutafuta namna bora ya kuzima. Nikaangukia aya niliyokwisha kuisoma pengine mara kumi, ile ya kiini kusoma jedwali mara moja tu, na safari hii nikaielewa. Kulikuwa na amri ya kukiuliza kiini kinaamini sehemu inaanzia wapi. Nikakiuliza. Kisha nikakiuliza chombo cha kugawia diski. Majibu mawili, tofauti ya vipande elfu chache.

Nikajua kitakachotokea, hatua kwa hatua, kama mtu anayesoma barua ya msiba. Tutazima. Tutawasha. Kianzishi kitaandika herufi zake nne kwa furaha, kwa kuwa hakijali jedwali. Kiini kitaamka, kitalisoma jedwali nililolinyoosha, kitakwenda kutafuta mafaili yake mahali ambapo hayapo, na kitafia hapo. Jedwali la kweli lilikuwa limebaki mahali pamoja duniani, kichwani mwa kiini kilichokuwa kinafanya kazi mbele yangu, na kichwa hicho kilikuwa kinaishi kwa umeme uliobakiza saa mbili.

Kuna mwenzenu mmoja aliwahi kuniambia kwamba data isingefutika, kwamba leo kuna programu ya kuipekua diski na kuotea mipaka ya zamani. Ni kweli. Mimi sikulijua hilo, sikumjua mtu Tanga aliyelijua, na orodha ilikuwa ya kesho.

Sasa naandika ile nusu ambayo hamkuisikia. Nilikaa. Nadhani nilikaa dakika ishirini, mikono mapajani. Wazo lililonijia halikuwa la kuokoa kitu. Niliwaza kwamba umeme ukikatika saa sita kabla sijaizima mashine, na kesho isiwake, kila mtu atasema umeme umeiharibu. Mgao ulikuwa umeshaua mafriji na redio za nusu ya mji. Hakuna ambaye angefungua daftari langu, na hata angelifungua, angekuta ukurasa safi uliopigwa rula. Sikutakiwa kusema uongo wowote. Nilitakiwa kukaa tu. Ng'ombe wangekuwa kilo, na mimi ningebaki karani asiye na doa.

Bi Raya aliingia na vikombe viwili vya chai ya tangawizi. Akaweka changu mezani, akaniangalia.

"Agnesi, una homa?"

Nikamwambia sina. Akasema basi ninywe chai, uso wangu umekuwa kama unga. Hapo nikaanza kusema, na nilianza vibaya, kwa kumweleza kianzishi ni nini. Akanikata.

"Mwanangu, mimi hiyo lugha siijui. Niambie umefanya nini."

"Nimebadilisha mahali ng'ombe walipoandikwa. Mashine bado inakumbuka pa zamani, lakini ikizimika itasahau. Tukiwasha kesho hatutawaona."

"Pa zamani hukupaandika?"

"Niliandika. Nikauchana ukurasa."

Alikunywa chai yake kidogo. Nilisubiri aseme neno juu ya jiko langu la mkaa, maana alikuwa na haki nalo. Badala yake aliuliza kama mashine inaweza kuulizwa hapo pa zamani ni wapi, nikasema ndiyo, nimeshaiuliza. Akaitazama saa ya ukutani, akavuta kiti.

"Basi tusome," akasema.

Kwanza tuliwasha printa, ianze kutoa walau majina na mama zao, kwa kuwa mlango wa flopi, zile diski ndogo za kubebea, ulikuwa umekufa kwa vumbi tangu mwaka uliotangulia na hatukuwa na pa kunakilia. Ilikuwa printa ya sindano, utepe umechoka, ikalia kwa mstari mmoja mmoja. Kisha nikakiuliza kiini namba mbili: sehemu ya pili inaanzia kipande gani, na ina vipande vingapi. Nikasoma ya kwanza kuanzia mwanzo. Bi Raya akaiandika na kunirudishia kutoka mwisho. Nikasoma ya pili, akairudisha. Tukabadilishana, akasoma yeye kwenye kioo, nikarudisha mimi. Mara moja alinisimamisha, akanitaka niseme saba vizuri.

Chombo cha kugawia diski hakikutaka idadi ya vipande, kilitaka kipande cha mwisho. Nikajumlisha mwanzo na idadi, nikaandika jibu, nikaanza kuliingiza. Bi Raya akaweka kidole juu ya karatasi.

"Ngoja. Ng'ombe wamepanga mstari. Nikikwambia chukua watano kuanzia wa tatu, wa mwisho utakayemchukua ni wa ngapi?"

Nikasema wa nane. Akanitaka nihesabu. Nikahesabu kwa vidole, kama mtoto: wa tatu, wa nne, wa tano, wa sita, wa saba. Nikapunguza moja. Mwanamke yule alikuwa hajawahi kuishika kompyuta zaidi ya kuipangusa vumbi na kunisomea kadi mbele yake.

Niliingiza namba. Chombo kikatoa onyo lake lilelile, kwamba sehemu ya pili haiishii kwenye mpaka kamili.

"Kinasemaje?" akauliza.

"Kinasema si nadhifu."

"Kiache kiseme."

Nikaamuru jedwali liandikwe. Kiini kikakataa tena kulisoma, kama Jumatatu. Nikaviuliza vyote viwili, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu vikanipa jibu moja. Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi. Printa ilikuwa imefika kwa ng'ombe wa herufi ya K.

Tungeweza kuzima na kuwasha hapohapo, tujue moja. Nilitaka sana. Bi Raya alikataa. Alisema umeme ukitukuta katikati ya kuwasha, kesho hatutajua lililoharibika limeharibiwa na nani. Kwa hiyo nikaizima kwa utaratibu, mimi mwenyewe, na jinsi mistari ilivyokuwa ikipita kwenye kioo nilijua kile kichwa kilichokuwa kikikumbuka kinaondoka. Kioo kikawa cheusi. Dakika chache baadaye na feni nayo ikasimama.

Nilidhani kazi ya siku hiyo imekwisha. Bi Raya akachukua buibui lake nyuma ya mlango, akaniambia nimfuate kwa meneja. Nilimsihi tungoje kesho. Mashine ikiwaka hapatakuwa na la kusema, isipowaka tutasema. Alinijibu kwamba kesho nitakuwa nasema habari ya mashine, na leo ninasema habari yangu, na yeye aliajiri mtu, si mashine.

Bwana Mhando alikuwa mtu mwepesi wa huruma, na siku ile huruma yake ilinitesa. Aliniona nimesimama mlangoni, na kabla sijafungua mdomo akauliza kama umeme umeshatuharibia kompyuta. Aliuliza kama mtu anayeweka kiti ukae. Bi Raya alikuwa nyuma yangu.

"Hapana, Mzee," nikasema. "Umeme umekatika salama. Aliyeharibu ni mimi, tangu Jumatatu. Tumerekebisha, lakini hatujui kama tumepatia."

Akaniuliza nimeharibu kwa sababu gani. Nikasema nilitaka hati iwe safi. Alicheka kwa pua, mara moja, kisha akaacha kucheka. Akasema wafanyabiashara wa nyama wamempigia simu mara mbili wiki hiyo. Akasema barua ya onyo ataiandika, mashine iwake isiwake. Na kweli, kesho yake asubuhi ilikuwa mezani, imepigwa taipu usiku kwa taa ya chemli, tarehe ya jana. Niliitia sahihi kabla ya kwenda chumba cha mashine. Ilinifuata nilipohamia ofisi yenu, na imo kwenye jalada langu mpaka leo.

Ijumaa umeme ulikuwepo. Niliwasha nikiwa nimesimama. Herufi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Hizo hazikunifariji, nilijua zitatoka. Kiini kikaamka, kikataja kumbukumbu yake, kikataja diski, kikataja sehemu: moja, mbili, tatu. Kikatulia. Nimewahi kungoja mtoto kulia baada ya kuzaliwa, na sikungoja kwa muda mrefu kama ule. Kisha mistari ikaendelea kushuka, mmoja baada ya mwingine, mpaka mashine ikaniomba jina langu.

Bi Raya hakuniruhusu kulia. Alinitaka nimtafute ng'ombe mmoja anayeanzia na herufi ya chini ya K, maana wa juu tulikuwa nao kwenye karatasi. Nikaandika Subira. Akaja Subira, na mama yake, na bibi yake, na dume, na maziwa yake yote. Tukachapa mpaka saa tisa, tukisimama tu yeye aliposwali, na orodha ikaondoka na gari la meneja ikiwa bado ina joto la printa.

Ugawaji ulifanyika mwezi uliofuata, palepale uwanjani. Nilikaa kwenye meza ndogo na karatasi zangu, moja kwa kila mtamba, mistari imenyooka, hakuna doa. Bi Raya alikaa kwenye benchi kivulini, pembeni ya meza; alikuwa amebakiza wiki mbili astaafu na alisema hana kazi hapo. Akaja mama mmoja wa Pongwe, mfupi, kanga kiunoni, amekuja na kamba yake mwenyewe. Mtamba wake alikuwa ameshaletwa lakini hakumshika. Alisema kwao mnyama hafungwi kamba kabla hajajulikana mama yake.

Nikamsomea. Mama yake ni Karafuu. Bibi yake ni Subira. Akayarudia majina kwa sauti ya chini, akimtazama mtamba usoni, halafu akaniuliza kama huyo Subira alikuwa na tabia ya kupiga teke, maana yeye goti lake si zima.

Niliitazama karatasi juu mpaka chini. Maziwa ya miaka tisa yalikuwemo. Nikamwambia, "Mama, hilo kwenye kompyuta halimo."

"Alikuwa akipiga," Bi Raya akasema kutoka kwenye benchi. "Mguu wa kushoto wa nyuma. Na Karafuu kachukua kwake. Ukae upande wa kulia."

Yule mama akamshukuru, akamfunga mtamba kamba, akanyoosha mkono kupokea karatasi yake. Nikamwomba angoje kidogo. Nikaivuta irudi mezani, nikachukua kalamu, na pembeni ya ile mistari iliyonyooka nikaandika kwa mkono: hupiga teke, mguu wa kushoto wa nyuma. Kisha nikampa.